Unyayo wa Itambu

Siku ile ya Jumamosi, tarehe 2 Julai 2022, walioingia uwanjani Mkiwa walikuwa watano. Wa kwanza alikuwa Laurenti Mughwai, mwenye umri wa miaka sitini na saba, mwanzilishi wa Kikundi cha Maigizo cha Ihanja. Wa pili alikuwa mkewe, Raheli. Wa tatu alikuwa Severina Mkumbo, mwalimu wa shule ya msingi. Wa nne alikuwa Paschal Kiula, fundi baiskeli, kijana wa miaka ishirini na tisa. Wa tano na wa mwisho alikuwa Sostenes Ntandu, na habari hizi ni zake.

Waliingia kwa mstari, miguu mitupu, juu ya udongo laini uliochekechwa na kumwagwa asubuhi ile. Laurenti hakuwahi kuigiza juu ya saruji wala jukwaa la mbao. Tangu alipokuwa karani wa stoo Manyoni, akiigiza na wafanyakazi wenzake katika ukumbi wao, aliamini kwamba mwigizaji asiyehisi ardhi chini ya mguu wake anadanganya. Alipoanzisha kikundi chake mwaka 1996 aliweka desturi hiyo. Kokote walikokwenda, udongo ulitangulia.

Mchezo uliowapa jina ulimhusu mzee mmoja, Itambu, aliyekataa kuwagawia jamaa zake shamba mpaka siku ya kufa. Mwanzoni Itambu aliingia na ukoo wake nyuma yake, na kila aliyefuata alikanyaga pale pale alipokanyaga aliyemtangulia. Hawakuangalia chini. Walipofika katikati, watu waliona nyayo za mtu mmoja tu, na vigelegele vilipigwa kabla neno lolote halijasemwa.

Katika mchezo Sostenes alikuwa mdogo wake Itambu, na hata nje ya uwanja yeye na Laurenti waliitana hivyo, kaka na mdogo. Alikuwa wa mwisho katika mstari huo kwa miaka ishirini na sita.

Kwa muda huo wote alijifunza maneno ya Itambu kwa kuyasikiliza. Aliyajua yote, pamoja na vikohozi na vituo vyake. Alikuwa akiyasema peke yake akipalilia alizeti. Lakini sokoni watoto walimwita Laurenti "Babu Itambu", na akina mama walimfungia kuku. Mwandishi wa redio alipokuja kutoka Singida mjini, alipiga picha ambayo ndani yake Sostenes alionekana bega moja tu. Na siku moja kilabuni Ihanja mtu aliyekuwa akinywa karibu naye alimtazama sana, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Wewe si ndiye unayembebea Itambu ngoma?"

Wenzake walicheka. Sostenes naye alicheka. Kicheko hicho alirudi nacho nyumbani, kwenye nyumba ambayo tangu mkewe afariki hakuwamo mwingine wa kumsikia.

Mwezi Juni mwaka huo Laurenti aliwakusanya, akasema magoti yamechoka. Tarehe 30 Julai wangecheza Manyoni, palipoanzia safari yake, na hapo angemkabidhi mwingine nafasi ya Itambu mbele ya watu. Sostenes alishusha macho ili asionekane akitabasamu. Alipoyainua, mkono wa Laurenti ulikuwa juu ya bega la Paschal.

"Kijana bado hajashika maneno yote," Laurenti alisema. "Muda upo. Na ikitokea nikaugua kabla ya siku hiyo, wewe mdogo wangu unayajua. Utasimama."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa maelekezo ya safari. Lakini Sostenes hakulala vizuri tena tangu siku ile. Ikitokea nikaugua.

Ndiyo maana siku ile ya Mkiwa alikuwa na kipande cha karatasi ya kaki mfukoni.

Desturi nyingine ya kikundi ilikuwa kufagia nyayo zote mchezo ukiisha, kabla watu hawajatawanyika. Kazi hiyo ilikuwa ya Raheli, naye hakumwachia mtu. Lakini siku ile alikuja binamu yake kumsalimia, mtu waliyekuwa hawajaonana miaka mingi.

"Nipe ufagio, shemeji," Sostenes alimwambia. "Kazungumze na mgeni."

Raheli alisita kidogo. Kisha akampa.

Alifagia vizuri, taratibu, akirudi nyuma kama alivyomwona Raheli akifanya. Sehemu ya kuingilia aliiacha mwisho. Pale palikuwa na unyayo mmoja wa mguu wa kushoto, uliozama kuliko yote, kingo zake zimesimama kama umechongwa. Sostenes aliutazama kwa uchungu. Hata ardhi ilimheshimu Laurenti. Aliinama, akauchota wote kwa mikono miwili, akaufunga katika karatasi.

Jumatatu alikwenda kwa mganga mmoja mzee aitwaye Nkuwi, aliyekaa peke yake porini, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Mkiwa. Alimkuta amekaa kivulini anasokota kamba. Hakuwa na kibuyu wala shanga. Alikuwa na ukurasa wa kalenda ya zamani ukutani, na jembe.

Sostenes alimwamkia, akaeleza haja yake. Hakutaka mtu afe. Alitaka tu Laurenti asiweze kusimama mbele ya watu. Alitaka watu waache kumwona.

Mzee Nkuwi alifungua karatasi, akaugusa udongo kwa kidole.

"Ni wake?"

"Ni wake."

"Yeye peke yake?"

"Nilimwona akiukanyaga kwa macho yangu."

Mzee akaufunga tena udongo ule, akaingia nao ndani, na alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu.

Wiki ile Laurenti hakuugua. Alionekana kunenepa. Jumamosi, tarehe 9 Julai, walikutana kwa mazoezi nyuma ya nyumba yake Ihanja. Jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa wa baridi, kama kawaida ya mwezi huo. Waliingia kwa mstari. Walipofika katikati, Laurenti aligeuka kukagua nyayo, kama alivyofanya kila mara.

Alichuchumaa.

"Nani alikuwa wa mwisho leo?"

"Mimi, kaka," Sostenes alijibu.

"Mbona wa juu ni Paschal? Huo ni mguu wa Paschal. Tazama gumba lile."

Waliinama wote. Walirudi wakaingia tena. Mguu wa Paschal ulikuwa juu tena. Paschal alicheka, akasema labda baba mdogo anatembea hewani. Laurenti naye alitania, "Mdogo wangu, umekonda mpaka ardhi haikujui."

Wote walicheka isipokuwa Raheli. Raheli alikuwa akitazama mahali aliposimama Sostenes. Alitazama miguu yake, kisha udongo ulioizunguka. Aliuchukua ufagio na kwenda kuusimamisha ukutani, mbali naye.

Wenzake walipokwenda kunywa maji, Sostenes alibaki. Alipiga hatua moja. Akageuka. Alipiga ya pili kwa nguvu, kama mtu anayeponda kitu. Akageuka. Udongo ulikuwa laini kama unga uliochungwa. Hata mjusi aliyepita pale alikuwa ameacha alama.

Yeye hakuacha.

Jumatatu iliyofuata alirudi kwa Mzee Nkuwi. Safari ile alisahau kumwamkia.

"Umekosea," alisema. "Dawa imenirudia."

Mzee hakuacha kusokota kamba.

"Yule bwana wako, alipopita pale, nyuma yake alipita nani?"

Sostenes alifungua kinywa kujibu. Akamwona Raheli akikanyaga. Akamwona Severina. Akamwona Paschal na gumba lake. Halafu akauona mguu mwingine ukishuka juu ya yote, taratibu, kwa uzoefu wa miaka ishirini na sita, ukijaa sawasawa ndani ya unyayo bila kuugusa ukingo. Ulikuwa mguu wake. Ndiyo sababu unyayo ule ulizama vile. Watu watano walikuwa wameukanyaga.

"Nilikuuliza," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Udongo ni wa aliyekanyaga mwisho."

"Utoe."

"Hautolewi na mimi. Nenda kwa yule wa chini, aliyekanyaga kwanza. Umwambie kwa kinywa chako ulichotaka kumfanyia, akiwa anakuona. Usichelewe mpaka aache kukuona."

Ilikuwa dawa nyepesi. Kutoka nyumbani kwa Sostenes mpaka kwa Laurenti hapakuwa na mwendo wa dakika kumi.

Alikwenda siku ile ile. Alimkuta Laurenti akimfundisha Paschal maneno ya mwisho ya Itambu, yale ya kukabidhi shamba. Alisimama kwenye kona ya nyumba. Akasikiliza. Akajua hasa kitakachotokea akisema. Laurenti asingekasirika. Angemshika mikono yote miwili, angemsamehe kwa sauti ile ile ya jukwaani. Raheli angelia. Habari zingefika Mkiwa, zingefika Manyoni, na watu wangempenda Laurenti zaidi kwa kumsamehe.

Sostenes aligeuka akarudi nyumbani. Alijiambia atasema kesho.

Kesho zikawa nyingi. Muuza duka alianza kumhudumia wa nyuma yake kwanza. Mbwa wa jirani waliacha kumbwekea. Kanisani mzee wa kanisa aliruka benchi lake alipokuwa akipitisha kikapu. Akimwita mtu njiani, mtu yule aligeuka upande mwingine, akajikuna sikio, akaenda zake. Kila siku alipita karibu na nyumba ya Laurenti. Kila siku alisikia Paschal akiyasema maneno vizuri zaidi kuliko jana, na kila siku akapita bila kubisha hodi.

Tarehe 30 Julai ilifika. Alipanda nyuma ya pikapu iliyobeba udongo. Hakuna aliyemsogezea nafasi.

Uwanja wa Manyoni ulijaa saa tisa alasiri. Walikuja wazee waliomkumbuka Laurenti akiwa karani. Mstari uliingia, vigelegele vikapigwa. Sostenes alikuwa wa mwisho. Alihesabu hatua. Moja, mbili, tatu. Alifika mahali pake.

Ikafika zamu ya ndugu wawili kugombana. Laurenti alimgeukia, akasema maneno yake, "Na wewe mdogo wangu, unataka nini kwangu?"

Sostenes alijibu. Alijibu kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa.

Laurenti aliendelea kungoja.

Sostenes alijibu tena. Alimwona Laurenti akimtazama usoni, na macho yale yalikuwa yamepita, yametua mbali nyuma yake. Jasho lilimtoka mzee yule kwenye paji la uso. Mama mmoja aliyekaa mbele alimnong'oneza mwenzake, "Anaongea na nani?"

Severina alisogea haraka akayasema yeye majibu ya mdogo mtu, akiyageuza kuwa ya kike. Mchezo ukaendelea. Mwisho Laurenti alitoka mahali pa Itambu, akamwita Paschal, akamsimamisha pale pale. Watu walisimama wote. Wengine walifuta machozi.

Sostenes naye alisogea mpaka pale. Alisimama bega kwa bega na Paschal na kuyasema maneno ya mwisho pamoja naye, yote, kwa vituo vyake na vikohozi vyake. Aliyasema vizuri kuliko kijana. Aliyasema vizuri kuliko Laurenti.

Paschal alikunja shingo kidogo, kama mtu aliyepigwa na upepo.

Baadaye, wakipakia vitu, Laurenti alishika ngoma upande mmoja, akauliza, "Sostenes alikwama wapi? Hata simu hapokei."

Sostenes alikuwa ameshika mwisho wa pili wa ngoma ile ile.

Aliamka Jumapili akijisikia mwepesi. Hofu ilikuwa imekwisha. Alijiambia atasema leo. Alitoka bila kunawa, akapita njiani kati ya watu waliokuwa wakienda ibadani. Hakumwamkia mtu. Hakuna aliyemwamkia.

Saa mbili alikuwa uani kwa Laurenti. Mzee alikuwa ameketi juani, amejifunika blanketi, na mbele yake palikuwa na kigoda cha wageni. Sostenes alikaa.

"Shikamoo, kaka."

Akasema yote. Alianza na picha ya redio, akaja kwenye kilabu, akaja kwenye bega la Paschal, ufagio, karatasi ya kaki, Mzee Nkuwi. Hakuficha neno. Alilia. Alipomaliza alisema, "Kaka, nilikuonea wivu," akainua uso.

Laurenti alikuwa akitazama njia.

Raheli alitoka jikoni na kikombe cha uji. Laurenti alikipokea, akakizungusha mikononi.

"Nitamfuata Sostenes," alisema. "Jana nilisimama pale nikaona kiza. Watu wanampigia makofi Itambu, mama Janeth, lakini Itambu bila yule mtu mimi siwezi. Sijawahi kumwambia."

"Kamwambie basi," Raheli alisema.

Aliinama kukiondoa kigoda ili afagie. Akakiachia. Akakigusa tena kwa kiganja, polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Upepo wa Julai ulikuwa ukivuma uani, na kila kitu pale kilikuwa cha baridi.

"Nani alikuwa amekaa hapa?" aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Kina joto, baba Janeth."

Simu iliita juu ya goti la Laurenti. Alikuwa Paschal. Alikuwa amepita kwa baba mdogo kumuuliza kwa nini jana hakuja Manyoni, akakuta mlango umerudishwa tu, akaingia. Jirani aliyekuwa muuguzi alikwisha kufika na kumpima.

Sostenes Ntandu alifariki saa kumi na moja alfajiri, Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, kitandani kwake.