Nailoni Kwenye Tangi la Petroli

Ndugu zangu, nyumba ya Nahodha ilikuwa na raha yake. Asubuhi mkewe alimmiminia chai, binti yao wa miaka minne akimpanda mabegani, huku kaka wa mke, fundi wa mashine waliyeishi naye, akiikagua injini ya boti kabla abiria hawajaanza kuvushwa mto. Mashemeji hao walitaniana mpaka majirani wakacheka.

Siku moja Nahodha aliona petroli imepungua tangini. Hakuuliza. Moyoni alisema, ni shemeji tu huyu. Akauviringishia mfuniko nailoni na utepe wa gundi, safu juu ya safu, ili mwizi akigusa ajulikane. Akalifunika tangi kwa turubai, wala hakumwambia mtu.

Tangu hapo injini ikawa inaishiwa nguvu katikati ya mto. Mara tatu fundi aliibeba hadi karakana, akaiunganisha na tangi la karakana, ikanguruma vizuri.

"Niletee na tangi nilione, shemeji."

"Tangi langu usiliguse! Injini unaiharibu makusudi."

Fundi akafungasha nguo zake, akahamia ng'ambo. Dada yake alilia siku mbili.

Adhuhuri moja binti akashikwa na degedege. Hospitali iko ng'ambo. Walipofika katikati, injini ikafifia, ikazima, na maji yakaanza kuwasukuma kwenye mawe. Mke akampigia kaka yake, akaweka spika.

"Tangini kuna kitu gani kipya?" fundi akauliza.

Nahodha alimtazama mwanawe. Aibu ilikuwa kubwa, jamani, lakini angefanyaje?

"Nimeufunga mfuniko kwa nailoni," akasema. "Nilidhani unaniibia petroli."



"Kata, shemeji. Tangi lisipovuta hewa, petroli haitoki. Kata upesi!"

Akakata kwa kisu. Hewa ikaingia, fyuuu! Akavuta kamba, injini ikawaka.

Ng'ambo, fundi alikuwa amesimama ndani ya maji hadi kiunoni. Akampokea mtoto, akakimbia naye hospitali, na mtoto akapona. Kesho yake akaukagua mpira unaopeleka petroli kwenye injini: ulikuwa ukivuja tone kwa tone. Nahodha akaomba radhi mbele ya watu. Fundi alimsamehe, ila hakurudi kuishi naye.

Funzo

Ukiona kitu kimepungua nyumbani, uliza kabla hujamhukumu mtu wako. Nahodha angeuliza swali moja tu siku ile, mtoto asingekaribia kufa mtoni, na chumba cha shemeji yake kisingekuwa kitupu hadi leo.