Misuko ya Vitunguu Jikoni kwa Bibi

Kila alipotoka shule, Chiriku alitupa mkoba na kukimbilia jikoni kwa bibi yake. Jina hilo alipewa na bibi huyo huyo, maana mtoto hakujua kunyamaza. Aa, jiko lile! Misuko ya vitunguu ilining'inia juu ya dirisha, na harufu yake ilikupokea kabla hujaitikiwa hodi. Bibi alikuwa akiponda kitunguu saumu, kisha akikiweka kando.

"Kiache kipumzike kwanza, nguvu yake itoke," alisema. "Haraka ya nini, umeacha moto kwenu?"

Siku moja mwalimu wa sayansi aliwaeleza kuwa kula vitunguu mara kwa mara huenda kukapunguza hatari ya baadhi ya saratani, ingawa watafiti bado hawana hakika. Chiriku alifika jikoni akihema, ile "huenda" ameshaisahau njiani.

"Bibi! Vitunguu vinazuia saratani!"

"Si nilikwambia?" Bibi alicheka, mara akajishika tumbo. Akatafuna punje mbichi, uso umemkunjamana. "Tumbo hili linanisumbua tangu mavuno. Kwa dawa hii litapoa. Mama yako asijue, sawa?"

Maskini Chiriku, siri hiyo akaitunza. Bibi akazidi kukonda, gauni likampwaya. Jioni moja alishindwa hata kuinua mchi, akaketi chini. Chiriku aliogopa sana. Alikimbia nyumbani akamweleza mama yake yote, huku analia.

"Kumbe domo lako halina komeo!" Bibi alifoka, lakini alipelekwa hospitali. Daktari alikuta saratani tumboni, bado haijasambaa, ikaondolewa.

"Vitunguu ni chakula kizuri, mama, endelea kula," daktari alimwambia. "Ila havipimi ugonjwa wala haviutibu. Bahati yako umewahi."

Bibi aliporudi jikoni, Chiriku alisimama mlangoni bila neno.

"Leo umemeza ulimi?"

"Nilidhani bado umenikasirikia."

"Njoo hapa, mjukuu wangu. Nilikosea mimi. Kitunguu tukile, ugonjwa tumpelekee daktari. Na mtu akikuomba umfichie maumivu, usikubali, hata akiwa bibi yako."

Chiriku alianza kusimulia habari za shule, hakunyamaza mpaka chakula kikaiva. Leo ana jiko lake mwenyewe, na akiponda kitunguu saumu hukiacha kipumzike, akamkumbuka bibi aliyeishi miaka mingi baada ya siku ile. Wanawe wakilalamika kwamba anauliza mno kama kuna anayeumwa, huwajibu, "Ulizeni kwa nini naitwa Chiriku."