Moyo Si Donge la Unga

Asubuhi ile mwokaji alikanda unga kidogo tu, kisha akakaa juu ya gunia akihema. Mkewe alikuwa akipaka mafuta kwenye trei. Alimtazama miguu. Ilikuwa imevimba hata ndara hazimwingii.

"Baba watoto, dawa zako za moyo umekunywa?"

"Niliziacha." Mwokaji alionyesha kopo lililokaa kando ya hamira. "Sasa natumia vidonge hivi vya kalsiamu. Yule bwana anayeuza dawa mtaani kwa kipaza sauti kasema moyo hupiga kwa kalsiamu, dawa za hospitali ni za kutufunga tu. Na daktari si alisema moyo wangu umelegea? Unga ukilegea tunafanyaje? Si tunaongeza unga?"

Mkewe alishikwa na hasira. Wamehangaika na kliniki miaka yote hiyo, halafu mtu mwenye domo tu aje aharibu kila kitu! Alivua aproni, akaenda kumgongea jirani yao, muuguzi wa wagonjwa wa moyo.

Muuguzi alisikiliza kifua cha mwokaji, uso ukambadilika. "Shemeji, hospitali sasa hivi. Maneno baadaye."

Walimlaza. Alipopata nafuu ya kupumua, muuguzi alikuja kumwona wodini.

"Kamata shuka hilo, shemeji. Kaza ngumi. Usiachie."

Mwokaji alikaza. Punde mkono ukaanza kutetemeka. "Nimechoka!"

"Achia. Basi moyo nao uko hivyo. Kila pigo, kalsiamu huingia ndani ya misuli yake, misuli inakaza, damu inasukumwa. Kisha kalsiamu lazima iondolewe, nyingi irudi ghalani mwake, ili moyo ulegee ujae damu tena. Kukaza kunakula nguvu. Na kuirudisha kalsiamu kunakula nguvu."

"Kwa hiyo mimi nimeishiwa kalsiamu?"

"Wala! Ulipimwa damu, kalsiamu yako inatosha. Shida ni moyo wenyewe. Umechoka, hauwezi kuitoa na kuirudisha vizuri. Hata ukimeza kopo zima huuongezei nguvu. Ikizidi, utapata mawe kwenye figo, au moyo upige ovyo. Dawa ulizoacha ndizo zinazoupunguzia mzigo."

"Na wale wanaoandikiwa kalsiamu na daktari?" mke aliuliza.

"Wao wameze, wana sababu yao. Kosa ni kujiandikia. Na ukiona miguu inavimba, au pumzi inakata ukilala, usingoje. Njoo hospitali."

"Yule mwongo ningempata mimi!" mke alisema, na machozi yakamtoka.

Mwokaji alirudi kwenye dawa zake. Uvimbe ulipungua, ndara zikamwingia. Alikanda kidogo, akapumzika, akakanda tena.

Siku moja kipaza sauti kilisikika nje ya duka lao. Mke alinyakua mti wa kusukumia unga, lakini mumewe alimtangulia, mikono imejaa unga.

"Bwana, wewe una nguvu," alimwambia muuzaji mbele ya watu. "Kaza ngumi. Usiachie mpaka niseme."

Muuzaji alicheka, akakaza. Mwokaji akaanza kusimulia: miguu ilivyovimba, pumzi ilivyokata, kitanda cha hospitali. Hakuwa na haraka. Ngumi ya muuzaji ikaanza kutikisika.

"Niachie sasa?"

"Ya nini? Si unauza kalsiamu ya kukaza moyo?"

Watu waliangua kicheko. Muuzaji akaachia, akawa anakung'uta mkono.

"Mkono wako umeomba kupumzika, umeupumzisha," mwokaji alisema. "Moyo wangu uliomba hivyohivyo. Wewe ukaniambia nitupe dawa zinazoupunguzia mzigo!"

Hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja aliyekuwa ameshika kopo la kalsiamu alilirudisha kwenye meza ya muuzaji, akamgeukia mke wa mwokaji.

"Dada, kliniki ya moyo ni siku gani?"