Macho Meupe ya Bonge

Fundi cherehani waliyemwita Bonge alikutwa asubuhi amelalia mashine yake, shavu juu ya suruali yake mwenyewe. Alikuwa akiipunguza kiuno. Inspekta, mwenye kitambi cha kuheshimika, aliinama kwa taabu akamfunua jicho. Lilikuwa la manjano kama kiini cha yai.

"Sumu!" dada wa marehemu alipiga kelele mlangoni. "Ni huyo mkewe! Mkamateni kabla hajapika kingine!"

Mjane alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtandio usoni.

Mchana, daktari wa uchunguzi wa maiti alimwita Inspekta.

"Ini limekufa. Damu ikashindwa kuganda, akavujia tumboni. Lenyewe lilikuwa limejaa mafuta tangu zamani."

"Mafuta yanaua?"

"Polepole, bila kelele. Hili limeuawa kwa haraka. Kuna kitu kiliongezwa juu ya mafuta." Daktari akautazama mkanda wa Inspekta. "Na wewe, afande, njoo nikupime ungali unapumua."

Inspekta akavuta tumbo ndani, akaenda kumhoji mjane.

"Ulikuwa unampikia nini?"

"Alichopenda. Nyama yenye mafuta, viazi vya kukaanga, chai ya sukari ya kusimamisha kijiko."

"Hata alipoacha kula?"

"Hapo ndipo nilipoongeza siagi."

"Kwa nini?"

"Mwanamume akiacha kula kwako, afande, ujue anakula kwa mwingine. Sahani zinarudi zimejaa, mwili unapungua, kutwa yuko kwenye kioo. Nikasema, huyo mwanamke atanitambua. Nitampikia huyu bwana mpaka asahau njia."

"Mkagombana?"

"Nilimnunia, hata usoni simtazami. Siku za mwisho alikuwa anasinzia ovyo, nikajua kachoshwa huko aendako." Hapo sauti ikamkatika. "Niambie kweli. Nimemuua mimi?"

Inspekta alijua mapishi yale yalikuwa yamelinonesha ini kwa miaka, hilo halifichiki. Lakini chini ya kapu la vitambaa, sajini alikuwa amekuta kopo lisilo na lebo. Maabara ilikuwa imeshasema: vidonge vya kupunguza unene, vyenye kemikali ya kuchoma ini.

"Unavijua hivi?" Akamwonyesha kopo.

"Mimi? Sijawahi kuviona. Anayeuza vitu vya hivyo ni wifi yangu."

Duka la dada lilinukia sabuni na marashi. Ukutani ilitundikwa picha kubwa, Bonge mara mbili. Chini ya moja pameandikwa KABLA, shati likikaribia kupasuka vifungo. Chini ya nyingine, BAADA, suruali ikimpwaya na meno yote nje.

"Ndiyo, nilimpa," dada alisema. "Mimea mitupu. Akivila kama karanga, kosa langu lipi?"

"Ulijua anaumwa?"

"Ningejuaje? Alikuwa buheri wa afya. Mwulize mpishi wake."

Inspekta aliisogelea picha. Macho ya KABLA yalikuwa na wekundu kidogo, macho ya mtu anayetunga uzi kutwa. Ya BAADA yalikuwa meupe kuliko meno.

Akatoka bila kuaga, akavuka barabara hadi kwa mpiga picha. Alirudi naye.

"Rudia ulichoniambia."

Mpiga picha alijikuna shingo. "Dada alisema macho yana manjano, yatawatisha wateja. Nikayasafisha kwenye kompyuta."

Dada alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Uliyaona manjano," Inspekta alisema. "Ukamwambia nini kaka yako?"

"Kwamba ni uchafu unatoka mwilini. Aongeze vidonge."

"Hospitali?"

"Nilimkataza. Daktari angeuliza anameza nini."

"Na mkewe?"

"Alitaka kumshtukiza. Akiwa mwembamba kabisa, amtoe matembezi. Nikamwambia vizuri, usimwambie."

"Yote haya kwa ajili ya nini?"

"Picha. Maneno watu hawaamini, wanaamini picha."

"Na ulijua vinaua ini?"

"Kuna mteja aligeuka manjano kabla yake. Alikimbilia hospitali, nikaponea chupuchupu kufungiwa duka. Huyu wa pili ningemwachaje aende?"

"Huyu wa pili ni kaka yako. Tumbo moja."

"Ndiyo maana alinisikiliza," alisema dada, akanyoosha mikono kupokea pingu.