Siku Treni Ilipowahi

Nakijwa alikaa karibu na stesheni ya Kwembago. Ilikuwa stesheni ndogo. Ilikuwa na benchi moja, kengele moja, na kuku wengi.

Siku hiyo Nakijwa hakutulia hata kidogo. Mama alikuwa anarudi na treni ya jioni kutoka hospitali ya mjini. Na hakuwa anarudi peke yake. Alikuwa anarudi na mtoto mchanga!

"Baba, twende stesheni!"

Baba alikuwa ananyoa ndevu. Alitaka mtoto amwone akiwa mtanashati.

"Haraka ya nini, mwanangu?
Itachelewa tu, itachelewa,
kila siku huchelewa!"

"Shangazi, twende stesheni!"

Shangazi alikuwa anakoroga uji wa mzazi. Koro-koro, koro-koro.

"Nimalize kwanza, mama.
Itachelewa tu, itachelewa,
kila siku huchelewa!"

"Basi mimi natangulia," alisema Nakijwa.

"Tangulia," alisema Baba. "Kaa kwenye benchi. Usisogelee reli!"

Kule stesheni, Mzee Mfinanga, mkuu wa stesheni, alikuwa amevua viatu. Miguu yake ilikuwa ndani ya beseni la maji ya moto.

"Shikamoo, mzee. Treni inakuja?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Inakuja, inakuja. Lakini…
Itachelewa tu, itachelewa,
kila siku huchelewa!"

Nakijwa akaketi kwenye benchi. Kuku mmoja akaja kukaa naye. Kuku hakusema kitu.

Mara… Puuuu! Taka-taka, taka-taka, taka-taka!

Treni! Tena kwa wakati wake!

Dereva akatoa kichwa dirishani. Akatazama huku. Akatazama kule.

"Leo hapa hakuna mtu," alisema. "Twende zetu!"

Nakijwa akaruka. Akapanda juu ya benchi. Akapunga mikono yote miwili.

"Nipo! Mimi ni mtu! Na mama yangu yumo humo!"

Kriiiii! Treni ikasimama.

Mama akashuka polepole. Alibeba kifurushi kidogo cha khanga.

"Nakijwa wangu! Wenzako wako wapi?"

"Wanangoja treni ichelewe, Mama."

Mama akacheka mpaka akakaa chini kwenye benchi. Kisha akamlaza mtoto mapajani mwa Nakijwa.

Alikuwa wa moto, kama kiazi kilichotoka jikoni. Akakishika kidole cha Nakijwa. Akakishika kwa nguvu!

Ndipo Baba akafika mbio, povu bado limejaa shavuni. Mtoto akamtazama. Mtoto akalia.

Shangazi akafika mbio, mwiko mkononi. "Treni gani hii isiyo na adabu!"

Mzee Mfinanga akaja pekupeku, chwa, chwa, chwa. Akagonga kengele. Ngo! Ngo! Ngo!

"Ndugu abiria," alitangaza, "tunaomba radhi. Leo treni haikuchelewa."

Usiku, mtoto akalazwa kitandani katikati ya wote.

"Watoto wachanga husinzia upesi," alisema Baba. "Nawajua mimi. Ukiimba kidogo tu, kwisha!"

Baba akaimba. Akaimba, akaimba… akalala.

Mama akaimba. Akaimba, akaimba… akalala.

Nakijwa akaimba kwa sauti ndogo kabisa. Akaimba, akapiga mwayo… akalala.

Na mtoto je?

Mtoto alikuwa macho, kodo!