Sauti ya Mlangoni

Haya yalimpata rafiki yangu, mshonaji. Marehemu mumewe alipenda sana kuchezea mitambo. Aliweka kompyuta ndogo kabatini, akaiunganisha na mlango na spika ya ukutani, ikawa kila mlango ukifunguliwa, sauti yake mwenyewe inasema, "Karibu nyumbani, mke wangu."

Baada ya msiba, rafiki yangu alishinda akiufungua na kuufunga mlango ule, hata cherehani ikajaa vumbi. Jioni moja shemeji yake akaja kuiondoa mitambo ile.

"Shemeji, utaung'oa mlango huu. Hujala, hulali. Nitakurudishia ukipata nafuu."

"Basi niache niisikie mara moja tu."

Akafungua, akaisikia, akalia kwa kwikwi. Shemeji akachomoa nyaya, akapakia kompyuta na spika garini, akaondoka.

Giza likaingia. Hakuwasha taa. Mkono wake ukausukuma mlango kwa mazoea, na nyumba ikanyamaza kimya. Kisha pale ukutani palipobaki matundu ya misumari, akasikia mtu akivuta pumzi, kama anayejiandaa kusema.

"Sema, mume wangu," akanong'ona.

Pumzi ikavutwa tena, karibu zaidi.