Nyuzi Nyeusi kwenye Jezi ya Kijani

Kwa maelezo ya Mama Vocha, timu ya kikapu ya chuo ilifungwa ugenini kwa sababu ya msichana. Si msichana wa hapa. Wa kule kule walikokwenda kucheza.

"Nimeambiwa na mtu aliyekuwemo ndani ya basi la kurudi," alisema Jumatatu asubuhi, akipanga kadi zake za simu juu ya kimeza. "Nahodha Mlingoti alikaa kiti cha nyuma kabisa, peke yake. Kichwa chini, mikono mapajani, vidole vinakwenda, vinakwenda. Mwendo wa saa tano hakuinua uso. Sasa niambieni, kijana akiinamia mapaja yake saa tano, anafanya nini kama si kuandikiana na mwanamke?"

"Labda alikuwa analia," Kinyozi akajibu kutoka ndani ya chumba chake.

"Kwa vidole?"

Kinyozi akawasha mashine yake ya kunyolea. Alikuwa mwenyekiti wa mashabiki, na tangu Jumamosi alikuwa kama mtu aliyefiwa. Picha ya timu aliigeuza ikatazama ukuta. Kwenye kiti chake alikaa mwanafunzi aliyepaka mstari wa kijani katikati ya kichwa wiki iliyopita kwa mbwembwe zote, sasa alikuja na neno moja tu: "Nyoa."

Baraza lile lilikuwa mkabala na lango la chuo, na lilikuwa la watu watatu. Mwanzo ni meza ya Mama Vocha, kati ni chumba cha Kinyozi, mwisho ni cherehani ya binti ambaye kila mtu alimwita Fundi. Fundi alisikia yote. Aliendelea kukanyaga pedali, lakini mshono ulikuwa umeshapinda na hakuuona.

Jumamosi alasiri watu zaidi ya thelathini walikuwa wamejaa barazani hapo, wamezunguka simu moja. Kinyozi aliitumbukiza ndani ya bakuli la bati ili sauti itoke kubwa. Mwanafunzi aliyesafiri na timu alikuwa akiwatangazia mchezo kutoka ugenini, na sauti ilikuwa imeshamkauka. Sitini kwa sitini na moja. Zimebaki sekunde nne. Mpira kwa Mlingoti, nahodha, chini kabisa ya kikapu, mahali ambapo watu walisema angefunga hata akiwa amelala.

"Kapanda," sauti ikasema ndani ya bakuli. "Mlingoti kapanda, kainua mkono. Jamani."

Basi. Jamani hiyo ndiyo ilikuwa matangazo ya mwisho. Mpira haukugusa hata chuma.

Watu wazima walishika vichwa. Mmoja alivua kofia yake ya kijani, akaikalia. Fundi alisimama nyuma ya wote na mikono kifuani, akijiuliza jambo moja tu: yule aliyekosa yuko katika hali gani sasa hivi?

Maana Mlingoti alikuwa wake. Walikuwa hawajamwambia mtu, lakini alikuwa wake.

Walikutana miezi miwili nyuma, asubuhi ya msongamano, wanafunzi wakimiminika langoni kama mchele uliopasukiwa na gunia. Kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri alijigonga paji la uso kwenye kibao cha "Tunashona, Tunarekebisha", akasimama akijishika.

"Dada, kibao chako kimeniona kabla sijakiona."

"Wenye urefu wa kawaida hawajawahi kulalamika."

"Basi kiinue."

"Au wewe uiname. Kipi rahisi?"

Aliinama. Tangu siku hiyo vifungo vyake vikaanza kukatika kila baada ya siku mbili. Fundi alikuwa na macho ya kazi. Aliona kila kifungo kimekatwa kwa wembe, uzi umenyooka kabisa. Hakusema. Alikishona upya, akamrudishia shati, akangoja kingine.

Kisha Kocha akaja na jezi mpya za kijani za kuchezea ugenini. Za wenzake zilikuwa zimenunuliwa tayari, Fundi akatakiwa kubandika namba tu. Ya Mlingoti haikupatikana dukani, hakukuwa na saizi yake. "Mshonee wewe," Kocha alisema. "Ikitoka vizuri, timu ya wasichana inahitaji jezi kumi na mbili. Zitakuwa zako." Kwa binti aliyeishia shule ya msingi na kujifunza kazi kwa kufagia vipande vya vitambaa miaka miwili, jezi kumi na mbili za chuo zilikuwa jambo kubwa kuliko alivyoweza kumsimulia mtu.

Akampima Mlingoti pale pale barazani, mchana, Mama Vocha amekodoa macho. Alishona kwa siku tatu. Ijumaa, siku ya safari, simu yake ililia.

"Fundi wangu."

"Abee."

"Nimeivaa. Wenzangu wananiuliza hii ya kwako imetoka nje ya nchi?"

"Waambie imetoka nje ya lango."

Alicheka. Kicheko hicho ndicho alichobaki nacho, kwa sababu Jumapili basi liliporudi, mambo yalikuwa mengine.

Mashabiki walijipanga langoni wakiwa kimya, na kimya chao kilikuwa kibaya kuliko matusi. Wachezaji waliteremka wakapita mbiombio. Mlingoti aliteremka wa mwisho, amebeba wavu wa mipira begani. Yeye hakukimbia. Alipita kwa kila mtu, mmoja mmoja.

"Shikamoo, Mama. Poleni. Kaka, pole sana. Poleni jamani."

"Pole itatusaidia nini?" mmoja akamtupia.

"Haitasaidia. Lakini poleni."

Fundi alimtazama, na moyo wake ukajaa fahari hadi akaogopa itaonekana usoni. Mtu aliyekosa mbele ya umma wote, anawapa pole waliomnunia. Lakini Mlingoti alipofika mkabala na cherehani, aligeuza shingo upande wa pili, akapita. Hakupiga simu mchana ule, wala jioni.

Sasa Mama Vocha naye anasema kuna msichana.

Saa sita mchana Jumatatu hiyo Fundi alisogea nyuma ya baraza, akapiga yeye.

"Mlirudi salama?"

"Tulirudi, mpenzi. Nisamehe, nilikuwa nitakupigia."

"Kwenye basi ulikaa wapi?"

"Nyuma."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa na shughuli zangu."

"Za vidole?"

"Nani kakuambia?"

Laiti angesema kitu kingine chochote. Fundi alikata simu, akaizima, akarudi kwenye cherehani akiwa ameuma mdomo wa chini. Mama Vocha akamtazama, akamsukumia kikombe cha chai bila kuuliza kitu. Mdomo wake haukuwa na breki, lakini macho yake yalikuwa yanaona vizuri.

Jumanne Kocha alileta mfuko wa jezi. Namba zilikuwa zimebanduka hapa na pale, akataka zirekebishwe. "Kesho saa kumi mashabiki wanakuja uwanjani," alisema. "Wanataka Mlingoti avuliwe unahodha. Na mimi sina cha kuwaambia, maana hata mwenyewe hajitetei." Akaondoka.

Fundi alizitoa jezi moja moja. Ya Mlingoti ilikuwa chini kabisa, imekunjwa kwa uangalifu ambao wenzake hawakuwa nao. Aliikunjua. Kidole chake kikapita kwenye ubavu wa kulia, kikakwama.

Mshono ule yeye aliushona kwa uzi wa kijani. Sasa chini ya kwapa, mahali pa urefu wa kiganja, palikuwa na nyuzi nyeusi. Zilipanda, zikashuka, zikarukana, nyingine zimepigwa fundo mara tatu kama mtu anayefunga mbuzi. Hakuna fundi aliyeshona vile. Aliyeshona alikuwa na vidole vikubwa, sindano ndogo, na alikuwa ndani ya kitu kinachorukaruka barabarani.

Fundi alikaa chini.

Kichwa chini. Mikono mapajani. Mwendo wa saa tano.

Halafu akaelewa la pili, na hilo lilimchoma zaidi. Aliyemfundisha kazi alimwambia tangu siku ya kwanza: mtu mpime akiwa kwenye kazi yake. Mpishi mpime ameinama, mchukuzi mpime ameinua. Mchezaji wa kikapu ungempima namna gani kama si mikono juu? Lakini siku ile, watu wakitazama, angemwambia ainue mikono, yeye angelazimika kusogea, kichwa chake kifike chini ya kidevu cha Mlingoti, azungushe futi kifuani kwake. Aliona haya. Akampima mikono chini, harakaharaka, akaandika namba, akakata kitambaa cha kubana kwapani ili jezi ikae vizuri. Nayo ilikaa vizuri kweli, kwa mtu aliyesimama.

Jezi, imelowa jasho na kumganda, ilimkaba mkono katika sekunde ya mwisho, ikapasuka. Naye hakumwambia Kocha, wala wenzake. Alikaa nyuma ya basi akificha kosa la mwanamke aliyeona haya kumsogelea, kisha akageuza shingo barazani kwa sababu hakujua kumdanganya ana kwa ana.

Jumatano saa kumi Fundi alifunga cherehani. Alivaa gauni lake la bluu lenye mikunjo kiunoni, alilolishona kwa ajili ya siku ambayo hakuijua, akaichukua jezi, akavuka barabara.

Uwanja ulikuwa umejaa. Kinyozi alisimama katikati, kwenye duara.

"Hatumchukii," alikuwa akisema. "Lakini nahodha ni nahodha. Tunataka atuambie, ilikuwaje?"

Mlingoti alisimama. "Nilikosa. Sina la kuongeza. Mkininyang'anya unahodha sawa, Jumamosi nitacheza vile vile."

"Analo la kuongeza," Fundi akasema.

Vichwa vyote viligeuka. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini uwanja ule ulikuwa na mwangwi.

"Fundi," Mlingoti akasema taratibu, "tafadhali kaa."

"Sikai. Shika, vaa hii."

"Nimesema nilikosa mwenyewe."

"Nimesikia ulichosema. Vaa."

Akavaa, juu ya fulana yake, uso umemshuka. Fundi alisimama mbele yake, mbele ya watu wote wale, karibu kabisa kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Inua mkono kama unafunga."

"Acha, mpenzi." Alilisema kwa kunong'ona, lakini waliokuwa mbele walilisikia, wakatazamana.

"Inua."

Aliinua. Mkono ulifika usawa wa sikio, ukakwama. Akausukuma, na nyuzi nyeusi zikakatika moja baada ya nyingine, mlio mdogomdogo ambao watu mia walinyamaza kuusikiliza. Ubavu ukabaki wazi.

"Hiyo ni kazi yangu," Fundi akasema. "Mimi nilimpima vibaya. Yeye aliishona ndani ya basi ili msijue, na mimi pia nisijue. Kama kuna mtu wa kunyang'anywa kitu hapa, ni mimi."

Mama Vocha alikuwa mstari wa pili. "Kumbe alikuwa anashona," akasema polepole.

"Na anashona vibaya," Kinyozi akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa.

Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele kama maji. Mtu akamrushia Mlingoti kofia ya kijani. Kinyozi alimkumbatia, kichwa kikamfika kifuani, akakaa pale muda mrefu zaidi ya ilivyofaa kwa mwenyekiti. Hakuna aliyeuliza tena habari ya unahodha.

Kocha alimwita Fundi pembeni.

"Za wasichana utawapima hapa hapa uwanjani," akasema. "Wakiruka. Na mimi nikiwepo."

"Sawa, Kocha."

Mazoezi yalikuwa hayajaanza. Mlingoti alimfuata kwenye ngazi za uwanja, akakaa daraja la chini yake, na hata hivyo macho yao yakawa sawa.

"Ungeniambia," Fundi akasema.

"Nikuambie nini? Ile jezi nilijitazama nayo kwenye kioo mara nne. Nilisema, huyu fundi wangu akiamini hajui kazi, tumekwisha."

"Nawe ukaona uzi mweusi utanidanganya?"

"Dereva wa basi hakuwa na uzi wa rangi nyingine."

Akajaribu kutocheka, akashindwa. "Niliambiwa una msichana kule."

"Nilikuwa naye. Sindano. Kanichoma mara saba." Akamwonyesha kidole. Fundi alikishika, akakitazama alama kwa alama, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukata, na hakukiachia.

Chini uwanjani wenzake walianza kupasiana mipira. Mtu alimwita nahodha. Hakuondoka.

"Nikuombe kitu?"

"Omba."

"Jumamosi tunacheza nyumbani. Mama yangu anakuja. Ni mwalimu, ni mtu wa maswali." Alivuta pumzi. "Naomba ukae naye. Akikuuliza wewe ni nani wangu, mjibu. Lolote utakalomjibu, mimi nitalifuata hivyo hivyo, nitakwenda nalo hadi kwenu."

Filimbi ikalia. Kocha hakuwa mtu wa kuipuliza mara mbili. Mlingoti alisimama, akaruka ngazi tatu kwa mpigo, akakimbia kinyumenyume ili asimwache machoni, mpaka mpira uliokuwa unakuja kwake ukampiga mgongoni na uwanja mzima ukacheka.

Fundi alibaki pale juu na gauni lake la bluu, mikono mapajani, akimtazama akikimbia; jibu la Jumamosi alikuwa nalo tayari.